Mama wa mtoto ameniita arubaini. Nitamwambia nini?

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili na nusu. Kwetu ni Taita lakini nimeishi Mombasa tangu nimalize chuo. Kazi yangu ni ya ambulensi, ni EMT, yaani mhudumu wa dharura, na huu ni mwaka wa sita. Ajali za bodaboda, akina mama wenye uchungu, wazee wa presha na sukari, hayo nimeyazoea kadiri mtu anavyoweza kuzoea. Sikuandikii kulalamika kwamba kazi ni ngumu.

Wiki tano zilizopita, Jumamosi saa mbili kasorobo asubuhi, tulipigiwa simu kwamba kuna mtoto ametolewa majini upande wa Kisauni. Si baharini, ni nyumbani kwao. Unaijua shida ya maji ya mji huu, mfereji ukitoka leo hujui utatoka tena lini, kwa hiyo kila uani pana mapipa na madumu. Mtoto ni wa kike, mwaka mmoja na miezi minane. Alikunywa uji wake, akashuka mkekani, mama akatoka kuanika nguo. Kulikuwa na nusu pipa, lile la bluu la kukatwa, lina maji ya kufulia. Mama aliporudi ndani hakumwona, akadhani yuko kwa jirani, akaenda kuuliza. Ndiyo maana dakika zikapita.

Kutoka tulipokuwa hadi pale ni mwendo wa dakika saba. Tulitumia kumi na tisa. King'ora kinalia, matatu hazina pa kupisha.

Tulikuta majirani wamemning'iniza miguu juu wanamtikisa maji yatoke. Nilimpokea. Hapumui, na mpigo sikuupata. Nikamlaza sakafuni nikaanza kusukuma kifua kwa kiganja kimoja. Tulikuwa watatu: dereva wetu, mtu mzima ambaye sote tunamwita Mzee, mimi, na kijana wa mazoezi aliyekuwa na wiki tatu nasi. Kijana ndiye alipaswa kushika ambu, ule mfuko wa kuminya kumpa mgonjwa hewa, na hapo ndipo panaponiua. Barakoa ndogo ya ambu, ile ya uso wa mtoto, haikuwa mahali pake. Kijana akatafuta mfuko huu, akatafuta ule. Nikaacha kusukuma, nikampokonya begi nikalimwaga lote sakafuni. Ilikuwa chini kabisa, chini ya kola za shingo za watu wazima. Sekunde ishirini hivi, labda thelathini. Begi hilo nililikagua mimi asubuhi ile. Nilitia tiki.

Tulipoanza kumpa hewa, uji ukarudi. Tukamgeuza, tukamsafisha mdomo, tukaendelea. Uji wa mtama, Shangazi, bado una harufu ya ndimu.

Tulipomweka garini, Mzee alinyoosha mkono kumzuia mama mlangoni. Nikasema mwache apande. Akakaa kiti cha pembeni, leso imemwanguka mabegani, ameshika kisigino cha mwanawe. Mimi huhesabu kwa sauti, ndivyo tulivyofundishwa, ili anayeshika ambu ajue lini aminye: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano, kisha pumzi mbili. Tulipofika kama Kongowea nikasikia sauti ya pili. Mama alikuwa anahesabu nami. Halii. Anahesabu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Tulihesabu hivyo mpaka getini kwa hospitali. Madaktari waliendelea kwa dakika ishirini, halafu mmoja akaangalia saa ya ukutani.

Mtoto alizikwa siku ileile baada ya alasiri. Sisi tulisafisha gari, na haikupita saa moja tulikuwa njiani kwa mzee aliyeanguka bafuni.

Jumatatu msimamizi akaniita. Hakuuliza habari ya barakoa, hata hajui. Aliuliza kwa nini mama aliruhusiwa kuona. Akasema nimempa mama yule picha atakayokufa nayo, na familia ikienda kwa wakili nitajitetea mwenyewe. Kijana wa mazoezi hakurudi tena. Mzee anaosha gari mara mbili kwa siku wala hazungumzi.

Na mimi nahesabu. Nikipanda ngazi nahesabu hadi kumi na tano. Silali vizuri, naamka kuweka mkono kifuani kwa mwanangu kuona kama kunapanda. Uji siwezi kuupika, sasa anakula mkate na chai. Nimemwaga maji yote nyumbani na mume wangu amechoka kwenda kununua maji ya mkokoteni kila siku jioni kwa sababu sitaki yalale ndani.

Sasa yule mama ametuma mtu kituoni. Arubaini ni Alhamisi ya wiki ijayo. Ujumbe ulikuwa: “Mwambieni yule tuliyehesabu naye aje.” Mimi ni Mkristo, sijui hata ukiingia unasema nini. Naogopa ataniuliza kama mwanawe angepona. Naogopa zaidi kwamba nitamwambia habari ya barakoa. Niende? Na kazi hii, niendelee nayo?

Aliyehesabu, Mombasa


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na kabla ya yote: makiwa. Hujui uitikie nini, kwa hiyo nitakufundisha. Huitikiwa “tunayo”. Najua mtoto hakuwa wako na hukuwa na kilio cha kukaa nacho, lakini nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ambapo mtu alikupa pole, sikupaona.

Barua hii nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu Alhamisi haingoji. Wanaonifuata kwa muda wanajua kwamba kabla ya kukaa kwenye kiti hiki nilikuwa nesi, na miaka mingi kati ya hiyo niliitumia wadi ya watoto. Sikuwahi kuwa kwenye gari. Sisi wa wadini tulikuwa na taa, meza ya kimo cha kiuno, na daktari wa kuitwa. Nyinyi mnapiga magoti kwenye sakafu ya watu huku kila jirani akitoa amri yake. Kwa hiyo yale ya wadini nitayasema kwa uhakika, ya barabarani wewe ndiye mwalimu.

Nenda.

Nitaanza na lile la msimamizi wako, kwa sababu nadhani ndilo lililokukaa vibaya kuliko unavyokiri. Amekwambia umemdhuru mama kwa kumwacha aone. Mimi nakwambia pengine hilo ndilo jambo jema kuliko yote uliyoyafanya asubuhi ile, na sisemi kwa kukubembeleza. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti walioufanya na timu 15 za ambulensi, kwa ndugu 570 wa watu ambao moyo ulisimama wakiwa nyumbani. Upande mmoja ndugu waliulizwa waziwazi kama wanataka kuwepo wakati mgonjwa anafufuliwa. Upande wa pili waliachwa kwa desturi ya siku zote, ambayo mara nyingi ni “tafadhali tokeni nje”. Miezi mitatu baadaye, dalili za kiwewe zilikuwa nyingi zaidi kwa wale wa upande wa pili. Kuwepo kwa ndugu hakukumpunguzia mgonjwa nafasi ya kupona, hakukuwavuruga wahudumu, na kesi ya mahakamani haikutokea hata moja. Wagonjwa wale walikuwa watu wazima, nakubali. Lakini miongozo ya Ulaya na ya Marekani ya kufufua watoto nayo inataka mzazi apewe nafasi ya kuwepo akipenda. Msimamizi wako anasema yale tuliyofundishwa sisi zamani. Hata mimi nimewahi kumfungia mama mlango, tena si mmoja, na nilidhani namhurumia.

Nakumbuka mmoja wao alivyokaa kwenye benchi la nje akisikia vyuma vikigongana ndani. Tulipomfungulia, hakuuliza kama mtoto amekufa. Aliuliza, “Mlikuwa mnamfanya nini?” Swali hilo sikuwa na jibu lake la kueleweka, kwa sababu alikuwa ameshajijibu mwenyewe kwa saa nzima, na alilojijibu lilikuwa baya kuliko tulilolifanya.

Mama yule uliyehesabu naye hana swali hilo. Alikuwepo. Alishika kisigino. Alihesabu. Katika mambo yote ya asubuhi ile, kuanzia pipa, kwa jirani, mpaka dakika kumi na tisa, kile kilikuwa kitu pekee alichopewa kumfanyia mwanawe, na wewe ndiye uliyempa kwa kuhesabu kwa sauti. Usidhani anakuitia lawama.

Kilichokosekana garini ni mtu wa kukaa na mama amweleze kinachoendelea. Siku nyingine akiwepo jirani mtulivu au shangazi wa mtoto, mpandishe naye.

Sasa barakoa. Sitakudanganya kwamba haikuwa kosa. Ulitia tiki kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. Lakini kosa na sababu ya kifo ni mambo mawili, na wewe umeyafunga kamba moja. Unajua kuliko mimi kwamba moyo wa mtoto mdogo ni nadra kusimama kwa kuugua wenyewe kama wa mzee wa presha. Husimama mwishoni, baada ya hewa kukosekana. Ukiukuta umesimama, ujue mengi yameshapita kabla yake. Kwa waliozama, kinachoamua zaidi ni muda waliokaa chini ya maji na muda waliokaa bila pumzi baada ya kutolewa. Aliyezama chini ya dakika tano ana nafasi nzuri, na kadiri dakika zinavyoongezeka ndivyo nafasi inavyofifia. Huyu alikaa majini muda wa mama kwenda kwa jirani na kurudi, kisha dakika kumi na tisa za foleni bila mtu wa kumpulizia. Hata kwenye miji yenye ambulensi kila kona, watoto ambao moyo umesimamia nje ya hospitali wakapona ni kama mmoja kati ya kumi. Nusu dakika yako ilikuja mwisho wa msafara mrefu sana, mwanangu. Ingekuwa sindano ya adrenalini imo mkononi mwako na daktari amesimama nyuma yako, bado ningekuandikia hivihivi.

Kosa lenyewe lina dawa, nayo si kulala macho. Kesho asubuhi, kabla ya simu ya kwanza, limwage lile begi tena, safari hii kwa hiari yako. Vitu vyote vya watoto, yaani barakoa ndogo, ambu ndogo, mipira ya kufungulia koo, kola ndogo, vitoe vikae kwenye mkoba wao peke yao, wa rangi usiyoweza kuikosa hata gizani. Andika juu yake kwa kalamu nene. Watoto wa kusimama moyo hamkutani nao kila wiki, na hata nchi zilizoendelea mhudumu anaweza kumaliza miaka asipate hata mmoja, ndiyo maana vitu vyao huzama chini ya begi bila mtu kugundua. Kisha mwambie msimamizi ulichokifanya na kwa nini, ili magari mengine nayo yapangwe hivyo. Hapo ndipo mahali pa kuisema habari ya barakoa. Si uani kwa yule mama.

Na kazi hii ya begi usiifanye peke yako. Mwite Mzee. Usimwambie “njoo tuzungumze”, mwanamume wa rika lile ukimwambia hivyo atakumbuka ghafla kwamba tairi halina upepo. Mwambie, “Mzee nisaidie kupanga.” Mtu anayeosha gari mara mbili kwa siku anasafisha kitu fulani, naye anajua kwamba wewe unajua. Alinyoosha mkono kumzuia mama, wewe ukasema mwache. Pengine anajiuliza nani alikuwa sahihi. Mwambie yale ya Ufaransa.

Halafu kuna yule kijana. Umeandika mistari michache juu yake, na mstari wa mwisho unasema hakurudi tena, ukavuka kwenda kwa Mzee. Mimi nilisimama hapo. Wiki tatu kazini, akapewa ambu, akatafuta barakoa asiyojua ilipo, begi likapokonywa mkononi mwake mbele ya watu wote, mtoto akafa. Unadhani yeye usiku anahesabu nini? Wewe unasema begi ni lako. Yeye, nakuhakikishia, anaamini mikono ndiyo ilikuwa yake. Mtafute wiki hii, kabla ya Alhamisi. Mpigie, asipopokea mwandikie, asipojibu nenda chuoni kwao uulize. Mwambie maneno haya haya uliyoniandikia mimi: begi nililikagua mimi, na nilitia tiki. Katika barua yako yote hakuna mtu anayeyahitaji zaidi yake.

Nije kwako. Kushtuka usiku, harufu, kuhesabu, kukagua kifua cha mtoto, hayo yakitokea siku na wiki za mwanzo si ugonjwa, ni mwili unakataa kuamini. Wengi hupona wenyewe wakipata usingizi, chakula na watu wao. Lakini wewe umevuka mwezi mmoja na badala ya kupungua yanakula nyumba yako: mtoto hapati uji, mume anabeba madumu kila jioni. Ukivuka mwezi, tafuta mtu aliyesomea. Mombasa kuna kitengo cha afya ya akili Port Reitz, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure, wana washauri wa kuzungumza nawe. Uliza hasa kuhusu tiba ya mazungumzo ya kiwewe, ambayo huenda vikao kadhaa. Kampuni ikiamua kuwakusanya nyote siku moja mlazimishwe kusimulia kisha mtie saini, hicho ni kitu kingine, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Kikao kimoja cha kulazimishwa hakizuii kiwewe. Kikombe cha chai na Mzee juu ya begi lililomwagwa kinaweza kukufaa zaidi.

Uji mwachie baba mtu aupike kwa sasa, wewe ukae chumba cha pili. Kisha ukae mlangoni. Siku moja utauonja. Usiuharakishe, lakini usiufute nyumbani, mtoto wako hana kesi na mtama. Na maji yarudishe. Nyumba isiyo na maji Mombasa haikaliki. Nunua pipa lenye mfuniko wa kufunga kwa kamba au kwa pete ya chuma, liweke uani nyuma ya mlango wa komeo. Ndoo zisizo na mfuniko zimwage na uzilaze kifudifudi. Huo si uoga, na majirani zako ungewafundisha hivyohivyo. Katika ripoti yao ya 2024, Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Tukisikia kufa maji tunawaza bahari na feri, kumbe mtoto wa umri ule anatoshwa na ndoo, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko miguu. Akiinama akaingia, hawezi kujitoa.

Na nyinyi wengine mnaosoma hapa, niwaibie dakika moja kwa sababu ya wale majirani. Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize. Maji yaliyoingia mapafuni ni kidogo na hayatoki kwa kutikiswa, mnachotoa ni ya tumboni, na muda unaisha. Mlazeni chali mahali pagumu. Mfunike mdomo wake, na pua yake pia kama ni mdogo sana, kwa mdomo wako, umpulizie taratibu mpaka uone kifua kinapanda. Kule Ulaya hufundishwa pumzi tano za kwanza. Hajaamka, sukuma katikati ya kifua kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikibonyea kiasi cha theluthi ya unene wake. Ukiwa peke yako sukuma thelathini, mpulizie mbili, urudie mpaka msaada ufike. Mwingine awe anapiga simu 999 au 112. Kwa anayezama, pumzi ndiyo dawa yenyewe, msisukume kifua tu mkaacha kumpulizia.

Lakini hilo la majirani, mwanangu, ukifika kule lifie mdomoni mwako. Watakuwa wamekaa mkeka mmoja na mama. Huko hukwenda kufundisha. Ukitaka kufundisha, rudi mwezi mwingine na doli la mafunzo, uwaite wanawake wa mtaa mzima.

Mwarifu msimamizi kwa ujumbe mfupi kwamba unakwenda kutoa makiwa kama mtu binafsi. Usivae yunifomu, usibebe karatasi, usizungumze habari za mtoto na yeyote ila mama na baba yake.

Vaa dera au gauni refu, chukua leso mbili, moja ya kujifunga na moja ya kichwani. Hakuna atakayekuuliza dini yako. Nenda baada ya alasiri, kwenye saa kumi na nusu, uulize wanawake wako wapi. Ukiingia toa salamu, useme “makiwa”, wataitikia, nawe ukae chini. Ukitaka kupeleka kitu, peleka sukari au mchele, umpe mwanamke aliye jikoni, si mama mwenyewe. Kuna watakaonong'ona kwamba mtoto mdogo hafanyiwi arubaini kwa kuwa hana dhambi ya kuombewa. Waachie wenyewe mjadala wao, wanao tangu enzi za babu zao.

Mama akikuuliza kama angepona, usiseme “ni kazi ya Mungu” ukanyamaza. Hayo ameambiwa na watu mia. Mwambie ulichokiona: “Nilipofika moyo wake ulikuwa umeshasimama. Tulifanya yote tunayofanya, na haukurudi.” Akiuliza kama aliumia, mwambie kweli, kwamba hakuwa na fahamu, hakuhisi mikono yako. Na jitayarishe kwa swali moja ambalo hukuniandikia. Mtoto wa kike huoshwa na wanawake wa kwao, pengine na mama mwenyewe. Anaweza kuwa aliona alama kifuani, mahali pa kiganja chako, na amekaa nayo siku arobaini. Mweleze kwamba ndivyo inavyokuwa kifua kikisukumwa inavyotakiwa, na kwamba mbavu za watoto wadogo hupinda, ni nadra kuvunjika. Akitaka kukiona kiganja, mwonyeshe.

Akitaka kusema habari za mtoto alivyokuwa hai, jina lake, maneno aliyokuwa ameanza kuyatamka, kaa usikilize. Wewe unamjua mtoto yule kwa saa moja mbaya tu, na nadhani hiyo ni sehemu ya kinachokuamsha usiku.

Kuhusu kazi, sitakujibu leo. Usiandike barua ya kuacha kabla hujalala wiki mbili mfululizo. Ukishalala na bado unataka kuacha, niandikie tena, nitakusaidia kuiandika.

Vaa makubadhi au viatu vyovyote vya kuvulika haraka. Mlangoni patakuwa na vingi, viweke pembeni ili uvipate ukitoka.